Procera na toniki: jini ya mutarakwa, inafaa hizo pesa?

Kwa wale wa haraka niwape jibu kabisa muendelee na shughuli zenu: Procera Blue Dot ni jini tamu, tena tamu sana, lakini kama shida yako ni jini toniki ya Ijumaa jioni ukiwa umevua viatu, mzinga wa Gilbey's na toniki yenye gesi ya maana na barafu ya kutosha zitakufikisha karibu kule kule na utabaki na pesa ya nyama. Wenye muda tukae, manake hii glasi ina mambo mengi kuliko inavyoonekana na mengi yake yametoka huku huku kwetu, si Uingereza peke yake vile tumezoea kuambiwa.

Tuanze na chupa yenyewe. Procera inapikwa Nairobi, na jina limetoka kwa mti, Juniperus procera. Kama umekulia Kinangop ama Kijabe ama huko juu Nyeri mti huu unaujua vizuri sana, ni mutarakwa, Wamasai wanauita oltarakwai, na Usambara upande wa Tanzania ni mwangati. Ndo ule wa posti za fensi ambazo mchwa hawazigusi, na zamani wakoloni walikata mingi sana wakapeleka mbao zake zikatengenezwe penseli. Sasa huo mti ni ndugu wa damu wa junipa ya Ulaya, ile ambayo bila hiyo hakuna jini duniani. Yaani ukichukua pombe safi ukatia iliki, maganda ya machungwa, mdalasini na kila kitu cha duka la viungo lakini ukasahau junipa, hio si jini. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema hivyo hivyo, ladha ya junipa lazima itawale na kilevi kisipungue asilimia 37.5.

Jini karibu zote unazoona kwa shelfu zinatumia junipa ya Ulaya, Juniperus communis, ambayo inachumwa, inakaushwa, inatiwa kwa magunia na kusafirishwa hadi kiwandani. Hawa wa Procera wanatumia tunda bichi la mutarakwa manake msitu uko karibu. Na huu ndo mjunipa pekee ulioota wenyewe kusini mwa ikweta, wale wengine wote ni wa kaskazini. Nimesema tunda lakini ukweli si tunda, ni koni ndogo kama za misonobari, ni vile tu magamba yake yameshikana yakawa laini ukiangalia unaona zabibu ya buluu. Mimi nimeipita hio miti miaka mingi na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu ataweka hizo punje kwa chupa auze kwa bei ya simu.

Na bei ndo hio. Duka nililonunua muuzaji aliniangalia akaniambia "mkubwa hii watu hununuanga ya zawadi", kumaanisha sioni ukiwa mtu wa kujinywea hii mwenyewe. Pesa ya Procera moja inanunua mizinga kadhaa ya jini za kawaida na hapo sijazidisha. Sehemu ya hio bei ni chupa, manake inapulizwa kwa mkono na mafundi wa vioo wa Kitengela, kila moja ina mapovu yake na imepinda kidogo kivyake, na nikiwa mkweli ni chupa nzuri, ikiisha huwezi kuitupa, mama watoto ashaiwekea maua kichwani kabla hata sijafika nusu.

Ndani kuna kilevi asilimia 44. Mbali na mutarakwa wametia viungo vya sehemu tofauti za Afrika, kuna basbasi ya Zanzibar, kuna iliki, kuna ndimu ya pwani, kuna pilipili ya waridi ya Madagaska. Nilikuwa na wasiwasi kidogo nikisoma hayo manake bidhaa nyingi zikianza kuimba Afrika Afrika kwa lebo ujue ndani hakuna kitu. Lakini ukiimimina peke yake bila barafu, ukainusa, unakutana na harufu ya msitu baada ya mvua, si ule ukali wa misonobari wa jini za London, ni kitu cha udongo hivi, cha korosho mbichi, alafu ndimu inakuja nyuma. Ukimeza ni laini, ina mafuta mafuta kwa ulimi, na haiunguzi koo licha ya hizo asilimia 44. Nimewapa watu wa vodka ambao jini kwao ni pafyumu na wakamaliza glasi.

Kabla sijaenda kwa toniki niseme jambo moja la hapa nyumbani, manake kuna watu watakuja kuniambia sisi jini tunayo tangu zamani. Ni kweli na si kweli. Chang'aa ya Kibera ilikuwa inaitwa Nubian gin, na Uganda waragi ndo fahari yao, mwaka 1965 serikali yao ilitunga sheria ya enguli, yaani hio pombe kali ya kienyeji, wapikaji wa vijijini wakatakiwa wawe na leseni na wakiuzie kiwanda, kiwanda kikaisafisha upya na kuitia kwa chupa ikawa Uganda Waragi. Ni historia tamu na siku moja ntaiandikia yake. Lakini chang'aa haina junipa, ni pombe kali nyeupe tu, na watu wetu walizoea kuita pombe yoyote nyeupe jini. Ndo maana hii ya mutarakwa nimeipa muda, hapa ndo mara ya kwanza kile kitu kinachofanya jini iwe jini kimetoka kwa msitu wetu.

Sasa toniki, na hapa tutakaa kidogo.

Hadithi ambayo kila baatenda anakupa ni kwamba wanajeshi wa Uingereza walioko India walikuwa wanapewa kwinini kila siku kwa sababu ya malaria, kwinini ni chungu, wakatia sukari na maji ya soda na mgao wao wa jini ili ipite, na hapo jini toniki ikazaliwa kama dawa. Inapendeza sana hio hadithi. Shida ni kwamba ukifuata tarehe haikai vizuri. Kwinini yenyewe ni ya gome la mti wa milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Ekuado, Wajesuiti ndo walilileta Ulaya karne ya 17, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakafanikiwa kuitoa ile dawa kutoka kwa gome ikawa unga mweupe unaoweza kupimwa. Kuanzia hapo ndo ikawa silaha. Mwaka 1854 daktari Baikie alipanda mto Niger na meli inaitwa Pleiad, watu wake wakimeza kwinini kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa malaria, wakati safari za kabla yake zilikuwa ni mazishi tu. Na hapo ndo Wazungu waliona kumbe bara letu linaingilika, ukweli mchungu kuliko toniki yenyewe. Lakini waliimeza vipi? Kwa mvinyo, kwa rum, kwa brandi, kwa chochote kilichokuwa melini. Jini haikuwa na cheo chochote hapo.

Toniki ya chupa yenye kwinini ilikuja 1858, kuna Mwingereza anaitwa Erasmus Bond aliisajili London, na hakuiuza kama dawa ya malaria, aliiuza kama kinywaji cha kuamsha tumbo na mwili kwa jumla. Schweppes, ambayo ilianzishwa 1783 huko Geneva na mtengeneza saa Johann Jacob Schweppe kabla ahamie London, ilitoa toniki yake ya kwinini miaka ya 1870 ikaipa jina la India. Na jini na toniki zikiwa pamoja tunazikuta zimetajwa mwaka 1868 kwa gazeti la michezo la Waingereza wa India, Oriental Sporting Magazine, na wala si kwa kambi ya jeshi wala kwa foleni ya dispensari, ni kwa mashindano ya farasi, mbio zimeisha, watu wana kiu wanaitisha vinywaji kwa kelele. Yaani ilikuwa raha tangu siku ya kwanza! Hio ya dawa imekuja kubandikwa baadaye manake inamfanya mlevi aonekane mgonjwa mwenye bidii.

Na ukitaka kujua kama toniki inaweza kutibu malaria piga hesabu tu. Marekani sheria yao inaruhusu kwinini isiyozidi miligramu 83 kwa lita moja ya toniki. Mtu mzima akiwa anatibiwa malaria kwa kwinini anameza kama miligramu 600 kila baada ya saa 8, kwa siku 7. Dozi moja basi ni zaidi ya lita 7 za toniki, kwa siku ni lita 21 na ushee, na hapo lazima umalize wiki. Utakufa kwa maji na sukari kabla mdudu wa malaria hajashtuka. Kwa hivyo mkiwa Kisumu ama Kilifi na homa imewapanda nendeni mkapimwe mpewe AL, zile tembe za malaria za siku hizi, msiniletee mambo ya "nimekunywa jini toniki niko sawa". Waliowahi kumeza kwinini yenyewe enzi zile wanaijua, masikio yanavuma kama umelala kando ya jenereta, hakuna mtu angeifanya kinywaji cha starehe kwa nguvu hio.

Lakini huo mti wa kwinini umezunguka dunia kwa njia ambazo hazisemwi kwa baa, na mojawapo imepita hapa kwetu. Mwaka 1865 kule Bolivia kulikuwa na Mwaymara anaitwa Manuel Incra Mamani, alikuwa na jicho la kuujua mti wenye kwinini nyingi kuliko yote, akamtafutia mbegu mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Waingereza walipoletewa hawakuona maana, Waholanzi wakanunua kidogo wakapanda Java, na kutoka kwa hizo mbegu wakaja kushika karibu soko lote la kwinini la dunia hadi Wajapani walipoiteka Java 1942. Mamani yeye alikamatwa akapigwa hadi akafa. Hakuna chupa hata moja ya toniki nimewahi kuona imeandikwa jina lake.

Wajerumani nao walijenga kituo cha utafiti Amani, huko Usambara Mashariki, mwaka 1902, na kati ya vitu walivyopanda ni hio miti ya kwinini. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, meli za Waingereza zikafunga bahari, jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, halipati dawa kutoka kwao, ikabidi wategemee ya Amani, na walipofukuzwa kutoka kaskazini wakawa wanachemsha magome tu porini wanakunywa yale maji, wenyewe wakaita Lettow-schnapps, yaani pombe kali ya Lettow. Wote walioandika kuihusu wanakubaliana ilikuwa mbaya ajabu. Sasa ukitaka toniki iliyozaliwa kweli kwa jeshi na malaria basi hio hapo, si ya India, ni ya kwetu, na askari na wapagazi walioinywa bila barafu wala ndimu wengi wao walikuwa ni babu zetu.

Na siku hizi? Kivu. Wabelgiji walipanda miti hio mashariki mwa Kongo na mpaka leo mashamba yapo, Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kwinini, na hata Fever-Tree, ile toniki ya Waingereza iliyoingia sokoni 2005 ikabadilisha biashara yote ya toniki, wenyewe wanasema kwinini yao inatoka Kongo mpakani na Rwanda. Kwa hivyo fikiria, gome limetoka Kivu likaenda Ulaya likatiwa kwa kichupa cha mililita 200 alafu kikarudi Nairobi kwa ndege ama meli, ndo ukiona bei yake kwa supa usishangae, kimesafiri kuliko wewe.

Haya, tuje kwa kuonja sasa, manake ndo kazi niliyokuja kufanya.

Nimejaribu Procera na Schweppes ya kawaida ya hapa, na Fever-Tree ile ya India, na Fever-Tree ya Mediterania ile yenye taimu na rozimari. Uamuzi wangu: na ile ya India ya Fever-Tree uchungu unakuwa safi, unakauka vizuri mdomoni, lakini mutarakwa unajificha, unabaki unaisikia kwa pua tu. Na Mediterania ndo ndoa, uchungu wake umepungua kidogo na yale majani yanaenda pamoja na ule udongo wa Procera, hii ndo ningempa mgeni. Na Schweppes ilinishangaza, gesi yake kali inabeba ndimu vizuri sana, utamu uko juu kidogo kwa hivyo punguza, usijaze. Nikageuza, nikachukua Gilbey's na toniki hizo hizo. Jamani. Gilbey's na Fever-Tree ya India na ganda la ndimu ni kinywaji cha heshima kabisa, nilifunika chupa nikawapa marafiki bila kuwaambia ni gani na nusu yao wakachagua Gilbey's. Sisemi ni jini bora, ukinywa hizi mbili kavu kavu hakuna ubishi Procera iko mbele sana, nasema tu kwamba kwa jini toniki robo tatu ya glasi ni toniki, na ukiweka robo tatu ya kitu kichungu chenye gesi juu ya jini laini yenye siri nyingi unazifunika zile siri ulizolipia.

Kwa hivyo ukiwa nayo Procera usiichanganye vile baa hufanya. Sehemu moja ya jini kwa mbili za toniki, basi, si kwa nne. Na Gilbey's na jini zingine kavu za London zinabeba moja kwa tatu bila shida, yaani mililita 50 za jini na 150 za toniki.

Barafu ndo watu wengi wanaharibu. Watu wanaogopa barafu, eti itazimua kinywaji, alafu wanaweka vipande viwili vinaelea. Ni kinyume. Vipande viwili kwa toniki ya joto vinayeyuka dakika tatu na sasa ndo una maji, lakini ukijaza glasi hadi juu, na toniki ilikuwa kwa friji tangu asubuhi, na jini ata uiweke freeza haitaganda, basi kila kitu kiko baridi tayari na barafu haina kazi ya kufanya, inakaa tu. Alafu baridi inashika gesi. Toniki ya joto ukiifungua gesi yote inapanda dari na wewe unabaki na maji ya sukari machungu. Ukitaka barafu kubwa iliyo safi kama kioo bila kununua mashine chukua hotipoti ndogo, ile ya chapati, jaza maji, iweke freeza bila kifuniko, manake kuta zake zinazuia baridi basi maji yanaganda kutoka juu kwenda chini na hewa yote inasukumwa chini, itoe kabla haijaganda hadi mwisho, ile sehemu ya juu ni kioo kitupu, ipasue na kisu cha mkate. Mke wangu aliuliza hotipoti imeenda wapi siku ya wageni lakini hio ni kesi nyingine.

Kumimina: jini kwanza juu ya barafu, koroga kidogo, alafu toniki polepole ikiteleza kwa ukuta wa glasi ama kwa mgongo wa kijiko, isianguke kwa kishindo. Kijiko kishuke chini mara moja kiinue jini, usikoroge kama uji. Ndimu usikamue, haswa na Procera, kamua na asidi yake inakata ule ulaini, we chubua tu ganda bila ile nyama nyeupe, likunje juu ya glasi mafuta yaruke, alafu litumbukize. Na kachumvi, yaani punje tatu nne, kanapunguza uchungu na kufanya ladha ya jini ipande, wasioamini wajaribu na glasi mbili. Tango sipendi, naona linageuza kila kitu kuwa saladi, lakini kila mtu na mdomo wake.

Glasi ndefu ya kawaida inatosha. Wahispania ndo walianzisha mtindo wa lile glasi kubwa la mvinyo na wakafanya jini toniki iwe sherehe, na kwao inafanya kazi manake wanajaza barafu kweli kweli. Huku kwetu baa zimechukua glasi zikaacha barafu. Kuna baa moja ya juu ghorofani hapa Nairobi, jina siweki, waliniletea jini toniki ya bei ya kilo mbili za mbuzi, ndani kuna tawi zima la rozimari, strobari, pilipili manga zinaelea, maua sijui ya nini, na vipande vitatu vya barafu vinavyolia, na toniki imetoka kwa chupa kubwa iliyofunguliwa tangu jana, haina hata povu moja. Nilipomuuliza dada kama kuna toniki ya kufunguliwa hapa mezani akasema "ni hio tu tuko nayo boss, lakini naweza kukuongezea strobari". Sikumlaumu yeye, aliyepanga menyu ndo wa kulaumiwa. Mkienda baa ombeni chupa ya toniki iletwe ikiwa imefungwa, mfungue wenyewe, hakuna atakayekataa na utajua unachokunywa.

Na mkitaka kuhakikisha toniki ina kwinini kweli na si ladha tu kuna mchezo mzuri: ipeleke chini ya ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia, ama taa za klabu zile zinazofanya shati jeupe liwake. Kwinini inang'aa buluu. Nilimfanyia jamaa wa duka la M-Pesa hapa mtaani akaanza kuita watu.

Nirudi kwa pesa. Wa kununua Procera ni nani? Mtu anayekunywa martini, huyo nunua bila kufikiria, iweke freeza, vermuthi, ule mvinyo wa viungo, kidogo sana, na hapo ndo mutarakwa unasimama peke yake na unaelewa kila shilingi imeenda wapi. Mtu ana mgeni wa kutoka nje anataka kumpa kitu cha Kenya ambacho si kahawa wala kinyago, huyo pia, na chupa ya Kitengela itasifiwa kabla haijafunguliwa. Mtu wa negroni ningemwambia atulie, campari, ile pombe nyekundu chungu inayotiwa humo, ni mnyanyasaji, itaimeza. Na mtu wa jini toniki, ambao ndo wengi wetu, ningesema onja kwanza toti moja kwa baa inayojiheshimu, ukiipenda nunua ndogo kama utaipata, lakini mwanzo peleka hio pesa kwa toniki nzuri na trei kubwa za barafu, utaona tofauti kwa jini uliyo nayo tayari kabatini.

Kwa jini toniki naipa 7 kwa 10, kwa martini 9, kwa chupa 10. Ile moja niliyoitoa kwa martini ni ya bei. Na toniki nunueni vichupa vidogo, msinunue lita, manake ikishafunguliwa usiku ule ule imekwisha, hata uifunge vipi kesho yake ni ya kumwagia maua tu, na sijui kama maua yenyewe yanaipenda.